Daftari la Bibi: Fedha za Maji Kijijini Kwetu

Bibi yangu alikuwa mhazini wa kamati ya maji katika kijiji chetu, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alitunza daftari la michango ambalo mpaka leo liko chini ya kitanda chake, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwalimu alipotuambia tuandike historia ya jambo la nyumbani, sikuanzia maktaba. Nilimwomba bibi daftari.

Kwa wasioijua Busia, ni mji uliokatwa na mpaka wa Uganda na Kenya. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na mkutano unaowachanganya mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, kila mtu kwa Kiswahili chake.

Zamani watu walichota maji kwenye chemchemi iliyo wazi, mahali pamoja na ng'ombe. Bibi alizika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara katika miaka hiyo. Hasemi mengi juu yao.

Fedha kubwa za maji zilianza kuonekana katika Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa, mwaka 1981 hadi 1990. Upande wa Kenya, serikali ya Finland iligharimia mradi wa maji katika Mkoa wa Magharibi kuanzia mwaka 1981: visima vya pampu za mkono vilichimbwa na chemchemi zikajengewa. Uganda ilikuwa vitani, kwa hiyo sisi tulisubiri. Mwaka 1991 Denmark, kupitia shirika lake la Danida, ilianza kugharimia mradi ulioitwa RUWASA katika mashariki ya Uganda. (Msomaji wa Tanzania asichanganye na wakala wao wenye jina hilohilo, ulioundwa mwaka 2019.) Wakati huo Busia ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Tororo, ilipata wilaya yake mwaka 1997.

Kuijengea chemchemi si kazi ya ajabu. Unachimba hadi jicho la maji, unapanga mawe na kokoto, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi na zege, kisha unatoa bomba ukutani. Juu yake unachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua na kuweka ua ili mifugo isiingie. Fundi na saruji vililipwa na wafadhili, lakini kijiji kilitakiwa kuchangia kwanza na kuchagua kamati. Kurasa za mwanzo za daftari zinaonyesha michango hiyo: nani alileta mawe, nani mchanga, nani alipika chakula cha mafundi. Karibu majina yote ni ya wanawake. Baadaye yanaanza malipo ya kila mwezi, kwa kuwa Sheria ya Maji ya mwaka 1995 iliziruhusu kamati kukusanya fedha za matengenezo.

Nilimuuliza bibi kuhusu mafunzo. Alisema walikuja watu wawili, wakakalisha wanakijiji chini ya mwembe na kuwaonyesha picha za namna uchafu unavyotoka chooni hadi mdomoni kwa njia ya mikono, nzi na vyombo. "Siku tatu," alisema. "Ukuta ulijengwa miezi miwili, sisi tulifundishwa siku tatu."

Maneno hayo niliyakumbuka niliposoma utafiti uliofanywa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Kuanzia mwaka 2004, Michael Kremer, Edward Miguel na wenzao walifuatilia chemchemi 200 hivi, nyingine zikajengewa mapema, nyingine baadaye, ili waweze kulinganisha. Kila chemchemi iligharimu kama dola 1,000. Pale bombani bakteria wa kinyesi walipungua kwa theluthi mbili. Lakini walipopima maji yaleyale nyumbani, upungufu ulikuwa kama robo tu. Maji safi yalikuwa yameingia katika jerikeni chafu, yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Hata hivyo watoto waliougua kuhara walipungua kwa karibu robo, na mimi siwezi kuiita hiyo faida ndogo.

Kilichofuata ni klorini. Ilikuwa ikiuzwa madukani kwa bei nafuu na bado kaya chache sana zilinunua. Watafiti waliiweka bure katika tangi dogo lenye koki, palepale chemchemini: unazungusha koki, mililita 3 zinaingia katika jerikeni ya lita 20, na dawa inachanganyika unapotembea kwenda nyumbani. Kijiji kilichagua mtu wa kulijaza tangi na kuwakumbusha wenzake. Zaidi ya nusu ya kaya zikaanza kuitumia. Mpango huo ulienea hadi Uganda na Malawi, na mwaka 2022 shirika la Marekani la GiveWell liliahidi hadi dola milioni 64.7 kuuendeleza. Fedha nyingine zilitokana na mauzo ya hati za kaboni, kwa hoja kwamba anayetia klorini hahitaji kuni za kuchemshia maji. Hoja hiyo hunichekesha kidogo. Bibi hajawahi kuchemsha maji ya kunywa.

Kijijini kwetu pia tangi lilifika. Uvumi ulifika nalo, kwamba dawa ile inafunga uzazi. Bibi alijaza kikombe mbele ya watu akanywa, kisha akampa mjukuu wake anywe. Mjukuu huyo nilikuwa mimi. Watu wakaanza kutumia.

Halafu aliyechaguliwa kulijaza tangi aliolewa mbali, na kikao cha kumchagua mwingine hakikuitishwa. Tangi likakauka. Mwaka jana mtoto wa binamu yangu alilazwa siku nne kwa kuhara. Katika daftari, malipo ya kila mwezi yalikuwa yameshakoma muda mrefu. Ukurasa wa mwisho una majina mawili, moja likiwa la bibi mwenyewe. Mtaro wa juu umejaa mchanga, na mvua ikinyesha maji ya bombani hugeuka rangi.

Nilipomrudishia daftari, bibi hakulifunga tena katika mfuko. Alifungua ukurasa mpya na kuniambia niandike kichwa kwa Kiswahili, kwa sababu majirani wengi wa sasa ni Wateso. Niliandika: "Michango ya kuzibua mtaro na kumchagua mtunza tangi." Mpaka ninarudi chuoni, kaya 11 zilikuwa zimelipa. Tuko kaya 43.