Mimea ya Shina Yenye Rangi katika Tangi la Maji Baridi

Mimea ya shina ni ile mimea ya majini ambayo huinua shina lenye pingili nyingi na kutoa majani katika kila kifundo. Na miongoni mwake imo michache ipendwayo mno na wafugaji wa samaki wa mapambo, kwa kuwa majani yake, yakipata matunzo yanayostahiki, huacha ukijani na kuvaa rangi ya waridi, ya chungwa, au ile nyekundu iliyokoza iitwayo damu ya mzee. Mashuhuri ni Rotala rotundifolia ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambayo huko kwao huota hata majarubani kama magugu; Ludwigia repens ya Amerika; na Alternanthera reineckii ya Amerika ya Kusini.

Wekundu huo si wa asili moja, na aghalabu hapa ndipo watunzaji hupotea. Rotala ni wa ukoo mmoja na mhina, na rangi yake hutokana na anthosianini. Alternanthera ni wa ukoo wa mchicha, na wekundu wake, sawa na wa mchicha mwekundu wa bustanini, ni betalaini, kemikali nyingine kabisa, wala hizo mbili hazijapata kuonekana pamoja katika mmea mmoja. Rotala ukipungukiwa na naitrojeni ilhali nuru ni nyingi, hufifiza umbijani wake na kuzidisha wekundu, hata mtunzaji stadi huunyima kidogo kwa makusudi. Lakini betalaini yenyewe ina naitrojeni ndani yake, na Alternanthera iliyonyimwa chakula hudumaa, majani yake ya chini yakipukutika. Kuitendea mimea hii miwili kwa kanuni moja, basi, ni kuudhulumu mmojawapo.

Chuma nacho husifiwa kupita kadiri yake: kikikosekana, majani machanga hupauka, lakini kukizidisha hakumfanyi mtu apate wekundu ambao nuru haikuuleta. Nuru kali ya saa 6 hadi 8 kwa siku yatosha, kwani izidipo hunufaisha mwani. Nuru hiyo huhitaji hewa ya ukaa, ambayo maji yaliyotulia huwa nayo miligramu chache tu kwa lita. Wenye mitungi ya gesi huipandisha hadi takriban 30, na hapo hadhari yahitajika, maana ikivuka kiasi samaki hupanda juu wakihema. Usiku mtungi hufungwa, kwa kuwa mmea gizani hauna haja nayo.

Mnunuzi asishtuke mmea aliouleta ukiwa mwekundu usipodumu hivyo, au ukimpukutikia katika majuma ya kwanza. Vitalu vingi huikuza mimea hii nje ya maji, mizizi tu ikiwa majini, na majani ya hewani, ambayo kwa Rotala ni ya mviringo, hayafai chini ya maji. Yale membamba yachipukayo kileleni ndiyo ya kutazamiwa.

Shina likigusa uso wa maji hukatwa juu ya kifundo, na kilele hupandikizwa kando yake. Kisiki hutoa machipukizi, mara nyingi mawili, na hivyo kichaka huneneka. Watu wa Uholanzi, waliokwisha kuifanya bustani ya tangini kuwa fani yenye sheria zake, hukata kila kundi kwa kimo chake, la mbele likiwa fupi na la nyuma refu, na kundi jekundu hulizungushia kijani pande zote.