Kununua ama Kupanga Mau Narok? Wacha Kwanza Nikupe Historia

Mwezi wa pili shosho alinipigia simu akaniambia kuna ploti ya robo ekari inauzwa karibu na senta ya Mau Narok, na niharakishe kabla broka hajaipelekea mtu wa Nairobi. Wakati huo nilikuwa nakaa bedsita Nakuru mjini, nalipa kodi kwa kuhariri video za watu wengine. Ninyi mnaonifuata mnajua stori ya chuo: niliacha mwaka wa pili, na pesa iliyokuwa iende kwa karo bado iko kwa sacco ya mama. Shosho anaijua hiyo akiba kuliko mimi. "Mzee wangu," akaniambia (ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mume wake), "kupanga ni kumjengea mtu mwingine."

Kuhamia huku hakukuwa na ubishi. Kodi ni nafuu, intaneti inashika ukijua mahali pa kusimama, na mimi nataka kulima waru. Swali lilikuwa moja tu: ninunue ama nipange? Nikafungua kalkuleta kwa simu, nikapiga hesabu usiku mzima. Haikunisaidia, kwa sababu kila mtu niliyemuuliza alinijibu kwa mwaka. Mwenye duka akasema, "Kumbuka 1998." Fundi wa pikipiki akasema, "Wewe ulikuwa mdogo 2008." Shosho naye akarudi hadi 1950. Basi nikaanza kusoma, na hiki ndicho nilichotoka nacho.

Kwanza, jina lenyewe. Narok kwa Kimaasai ni nyeusi. Yaani kabla ya mtu yeyote kuandika "ploti inauzwa, hati safi" kwa kibao, kulikuwa na watu waliopaita hapa kwa lugha yao. Mwaka wa 1904 serikali ya Waingereza iliandikiana mkataba na Wamaasai, Lenana akiwa mkuu wao, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa la kati, upande wa Naivasha na Nakuru. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini, na wakaahidiwa kwamba mkataba ungedumu muda wote Wamaasai wangekuwepo kama jamii. Ulidumu miaka saba. 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walienda kortini 1913, na korti ikasema haina uwezo wa kusikiza kesi hiyo, eti Wamaasai walifanya mkataba kama taifa la kigeni. Hebu fikiria kuambiwa wewe ni mgeni ndiyo kesi yako isisikizwe, na huku shamba lako linalimwa ngano.

Sasa sikiza hii, ilinichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Tunapenda kusema mzungu alinunua. Wengi wao walipanga! Lord Delamere alipata ekari 100,000 pale Njoro mwaka wa 1903 kwa lisi ya miaka 99 kutoka kwa serikali ya kikoloni. Alikuwa mpangaji, kama mimi. Lakini walowezi waliona miaka 99 ni kidogo, wakapiga kelele, na sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa miaka 999. Ukipewa lisi ya miaka 999 huwezi tena kujiita mpangaji na uso mkavu. Huku kwetu Mau Narok, Powys Cobb alikuwa na maelfu ya ekari.

Halafu kuna baba ya shosho. Yeye alikuwa skwota.

Skwota alikuwa hivi: mlowezi ana ardhi kubwa lakini hana pesa ya kulipa vibarua. Basi anaruhusu familia ije na mbuzi na ng'ombe wake, ijenge kibanda, ilime kipande, na kodi inalipwa kwa jasho. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 za kazi kwa mwaka, na ikakataza skwota kulipa kodi kwa pesa. Soma hapo tena. Hata angekuwa na pesa ya kodi, hakuruhusiwa kuitoa, kwa sababu anayelipa kwa pesa ni mpangaji na mpangaji ana haki fulani. Sheria ya 1937 ikamaliza mchezo kwa kusema waziwazi kwamba skwota si mpangaji, ni mfanyakazi. Siku za kazi zikapanda, sehemu nyingine zikafika 240 na hata 270. Mifugo nayo ilikuwa imeshapunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ng'ombe wa maskwota walifagiwa kutoka mashambani kwa nguvu, na watu wenyewe wakauita msimu huo kifagio. Tabitha Kanogo aliandika kitabu kizima kuhusu maskwota, na nawaambia hakuna somo la chuo lililonikalia kichwani kama hicho.

Kwa hivyo shosho akisema kupanga ni kumjengea mtu mwingine, hatoi ushauri wa pesa. Anakumbuka nyumba aliyozaliwa, ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake na hakuwa na hata mlango mmoja ndani yake.

Na huo mwaka wa 1950 anaoutaja? Hiyo ni Olenguruone, upande ule mwingine wa Mau. Mwaka wa 1941 serikali ilifungua makazi pale kwa ajili ya Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa kutoka ardhi ya Wamaasai. Watu wakaenda wakidhani wamepewa ardhi kama fidia. Serikali ilikuwa na wazo lingine: kwamba ni wapangaji wake, wafuate masharti ya kilimo, wapande hiki wasipande kile, na wakikaidi watoke. Watu wakakataa kutia sahihi masharti hayo, wakala kiapo cha umoja, na hicho kiapo wanahistoria wanakihesabu kati ya mizizi ya Mau Mau. Kufika 1950 walikuwa wameondolewa, wengine wakapelekwa hadi Yatta, mahali pakavu kabisa. Mjomba wa shosho alikuwa mmoja wao. Ugomvi wote ule, ukiutazama kwa makini, ulikuwa swali langu hili hili: hii ni yetu ama tumepanga?

Uhuru ulipokaribia ungedhani ardhi ingerudishwa. Iliuzwa. Kuanzia 1962 kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja: mlowezi analipwa, Mwafrika anapewa mkopo wa kununua, na familia kama 35,000 zikapata makazi. Muuzaji radhi, mnunuzi radhi. Hakuna aliyeuliza kama yule wa kwanza alikuwa radhi. Mashamba mengine makubwa yalinunuliwa na kampuni za kununua ardhi, watu wakichanga pesa kwa hisa. Hapa Nakuru kampuni kama Ngwataniro zilikusanya wanachama wengi sana. Guka alinunua hisa kwa kampuni moja, sitaitaja, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akapewa cheti, akapiga kura ya ploti, akaonyeshwa vigingi. Hati miliki? Alingoja zaidi ya miaka kumi na tano. Kuna majirani waliopiga kura ya ploti moja wawili. Kuna waliokufa wakiwa na cheti pekee, na hadi leo watoto wao wanauza "kwa cheti".

Sasa ile miaka ambayo watu huku huitaja kwa sauti ya chini. 1992 Molo. Januari 1998, Njoro. Kisha baada ya uchaguzi wa 2007, ile ambayo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Mimi 2008 nilikuwa mtoto, nakumbuka hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru na harufu ya uji. Shosho alikuwa na hati miliki kwenye karatasi ya juala, ndani ya sweta, wiki kadhaa. Nyumba ilichomwa. Hati haikuzuia moto.

Lakini waliporudi, walirudi mahali. Hili ndilo linalonisumbua. Mle kwenye ploti ya jirani kulikuwa na familia mbili za wapangaji, na sijawahi kuziona tena. Hakuna aliyewaandika mahali, kwa sababu hawakuwa na kipande cha kuandikiwa. Jirani mwingine aliyekuwa na hati aliuza kwa bei ya hasara akiwa bado kambini. Ukiniuliza hati ilisaidia ama haikusaidia, ninakujibu ndiyo kwa zote mbili.

Na msidhani aliyeumia ni kabila moja. Serikali ilipotaka kununua shamba hapa Mau Narok 2010 ili kuwapa makazi wakimbizi wa ndani, Wamaasai waliandamana wakisema hiyo ni ardhi waliyonyang'anywa na wakoloni. Moses ole Mpoe, aliyeongoza madai hayo, aliuawa kwa risasi Nakuru Desemba mwaka huo huo. Upande wa msituni kuna Waogiek, walioshinda kesi kule Mahakama ya Afrika Arusha mwaka wa 2017, korti ikasema haki zao kwa ardhi ya mababu zilivunjwa. Kati yao wote wamo watu walionunua kwa pesa halali, wana hati, na hawakuiba chochote. Ukinunua Mau Narok unanunua mchanga, hewa baridi, na kikao kwenye mazungumzo ambayo hayajaisha. Mimi sisemi usinunue. Ninasema ujue.

Turudi kwa ploti yangu. Nilienda kuiona. Nzuri, ina mteremko kidogo, maji yako karibu. Muuzaji ni kijana kama mimi. Nikaomba nambari ya hati ili nifanye sachi. Hati iko kwa jina la baba yake, aliyefariki. Mirathi haijafanywa. "Tutaandikiana kwa wakili, unipe nusu, mengine tutamalizia polepole," akaniambia. Wueh.

Wacha niseme hili polepole kwa sababu wengi wenu mnauliza. Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtoto kwa sababu tu yeye ndiye anayekaa hapo. Lazima korti itoe hati ya usimamizi wa mirathi na iithibitishe, na ndugu zake wote wahesabiwe, dada zake pia. Halafu hii ni ardhi ya kilimo, kwa hivyo sheria ya 1967 inataka idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita. Bila idhini mauzo ni bure, hata kama mlipiga picha mkishikana mikono. Unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako kama deni. Sasa umdai mtu aliyeshanunua pikipiki nazo.

Nilimweleza shosho. Alinyamaza, kisha akasema guka pia alinunua kwa karatasi isiyokamilika na leo tuna shamba. Ni kweli, na sina jibu zuri kwa hilo. Guka alibahatisha akapata. Waliobahatisha wakakosa hawako hapa kunisimulia.

Kwa hivyo nimepanga. Nyumba ya mbao, vyumba viwili, nalipa kila tarehe tano kwa M-Pesa na ninaweka kila ujumbe. Shamba pia nimekodi, ekari moja kwa msimu. Kwa waru hiyo si ujinga: mnyauko wa bakteria ukiingia udongoni haukutoki kirahisi, na mwenye kipande kimoja tu anajikuta akipanda waru juu ya waru kila msimu hadi zinamwozea. Mimi msimu ujao naweza kuhamia shamba lililopumzika. Hasara yake ni kwamba sijui aliyelima kabla yangu aliacha nini humo chini, na mwenye shamba hatanionyesha. Pesa ya sacco bado iko. Ninajua pia bei ya ploti inapanda huku nikipanga, msinikumbushe. Nimemwambia yule kijana akikamilisha mirathi anipigie simu kabla ya broka, na nilimpa jina la ofisi ya kuanzia. Sijui kama ataenda.

Jumapili iliyopita shosho alikuja kuona ninapokaa. Alibeba mche wa plamu kwenye pakiti ya maziwa. Nikamwonyesha karatasi ya makubaliano, pale palipoandikwa mpangaji asipande mti. Akaisoma mara mbili, akasema hata baba yake alikatazwa. Kisha akaniuliza kama nina ndoo iliyotoboka, nikamletea, akajaza mchanga akapanda humo, akaiweka kando ya mlango. "Ukihama utaibeba," akasema, akaomba chai.