Viashiria vya maendeleo endelevu nchini Tanzania

Viashiria vya maendeleo endelevu nchini Tanzania ni vipimo vya takwimu vinavyotumika kuonyesha kama nchi inapiga hatua katika uchumi na ustawi wa watu bila kumaliza misitu, maji, udongo na rasilimali nyingine ambazo vizazi vijavyo vitazihitaji. Kwa kawaida hugawanywa katika makundi matatu: vya uchumi (kwa mfano Pato la Taifa na kiwango cha umaskini), vya mazingira (eneo la misitu, mtiririko wa mito, idadi ya wanyamapori) na vya jamii (vifo vya watoto, elimu, lishe).

Mgawanyo huo ni wa kurahisisha kazi tu. Mkaa unaouzwa Dar es Salaam ni kipato kwa mchomaji, ni miti iliyopungua Morogoro au Pwani, na ni moshi jikoni kwa mama anayepika. Hivyo jambo moja huweza kuingia katika makundi yote matatu, na huweza kuonekana maendeleo katika jedwali moja na hasara katika jedwali jingine.

Chimbuko

Kwa muda mrefu kipimo kikuu cha maendeleo ya nchi kilikuwa Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Mchumi Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la Marekani katika miaka ya 1930, alitahadharisha mapema kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa pato pekee. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotosheleza mahitaji ya kizazi cha sasa bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kutosheleza mahitaji yake. Mwaka 1990 ilitolewa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu, kazi ya Mahbub ul Haq wa Pakistan akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Ripoti hiyo ilichanganya kipato, elimu na umri wa kuishi katika namba moja.

Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 ulipitisha Ajenda 21, ambayo sura yake ya 40 iliyataka mataifa kutengeneza viashiria vya maendeleo endelevu. Orodha ya kwanza ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa na viashiria 134. Nchi zilizoijaribu ziliona ni mzigo, na mwaka 2001 orodha ikapunguzwa hadi 58. Baada ya Malengo ya Maendeleo ya Milenia (2000-2015) yalikuja Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambayo ni 17 na yana shabaha 169. Viashiria vyake vilivyopitishwa na Baraza Kuu mwezi Julai 2017 vilizidi 230. Kwa nchi yenye wanatakwimu wachache orodha hiyo ni ndefu mno, na vingi kati ya viashiria hivyo Tanzania haina takwimu zake za mara kwa mara.

Ukusanyaji wa takwimu

Kazi hiyo hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa Tanzania Bara, na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa Zanzibar. Vyanzo vikuu ni Sensa ya Watu na Makazi, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, pamoja na kumbukumbu za wizara.

Sensa ndiyo msingi wa vyote, kwa sababu karibu kila kiashiria hugawanywa kwa idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Mwaka 2012 walikuwa 44,928,923. Ongezeko hilo ni la asilimia 3.2 kwa mwaka, na linafanya hata uchumi unaokua kwa asilimia 5 au 6 usionekane sana mfukoni mwa mtu mmoja mmoja.

Viashiria vya uchumi

Pato la Taifa hukokotolewa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, uitwao mwaka wa kizio. Mwaka 2014 NBS ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2007, na ukubwa wa uchumi ukaongezeka kwa zaidi ya robo. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku huo. Kilichobadilika ni kwamba shughuli zilizokuwa hazihesabiwi vizuri, kama vile mawasiliano ya simu na biashara ndogondogo, ziliingizwa. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo kwa matokeo yanayofanana. Anayelinganisha takwimu za miaka tofauti hana budi kuangalia kwanza mwaka wa kizio, jambo ambalo wanafunzi wengi husahau.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Wastani wa kipato kwa mtu ulikuwa dola za Marekani 1,080 kwa mwaka 2019, na kiwango cha kuingia katika kundi hilo kilikuwa dola 1,036. Lengo hilo lilikuwa limewekwa katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, kwa hiyo lilifikiwa miaka mitano kabla ya wakati, ingawa kwa tofauti ndogo.

Umaskini huonyesha picha nyingine. Kwa Tanzania Bara, watu walioishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Mstari huo mwaka 2017/18 ulikuwa matumizi ya Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani pungufu ya Sh 1,700 kwa siku. Asilimia ilishuka, lakini kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini ilipanda kutoka takriban milioni 12 hadi takriban milioni 14 katika kipindi cha pili. Sentensi zote mbili, "umaskini umepungua" na "maskini wameongezeka", ni za kweli. Zanzibar, ambako hupimwa peke yake, kiwango kilishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20, Pemba ikiwa na hali ngumu kuliko Unguja.

Viashiria vya mazingira

Hapa ndipo takwimu zilikuwa haba zaidi. Tathmini ya kwanza kamili ya misitu ya Tanzania Bara, iliyofanywa kwa kupima miti uwanjani nchi nzima, ilikamilika katika muongo wa 2010. Ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na asilimia 55 ya eneo la nchi kavu, na sehemu kubwa yake ni miombo. Hesabu za serikali za kipindi cha 2002-2013 zilionyesha upotevu wa hekta 469,420 kwa mwaka.

Namba hizo zinategemea maana ya neno "msitu". Kwa maana inayotumiwa na Tanzania, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia mita 3 na vivuli vinavyofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Mchomaji mkaa anayeondoa nusu ya miti katika miombo mizito anaweza kuuacha "msitu" ukiwa bado msitu katika jedwali, ingawa mkulima wa jirani anaona chemchemi imepungua. Vilevile hekta moja ya misindano ya Sao Hill wilayani Mufindi huhesabiwa sawa na hekta moja ya msitu wa asili wa Uluguru, wenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Kiashiria cha eneo la misitu kinafaa kuanzia, lakini bila kipimo cha ubora wa msitu kinaweza kupotosha.

Chanzo kikubwa cha shinikizo kwenye misitu ni kilimo kinachopanuka, kisha kuni na mkaa. Kaya zaidi ya nane katika kila kumi hupikia nishati hizo mbili. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kiashiria cha mkakati huu kina tatizo linalojulikana kwa kila mwenye nyumba: kaya nyingi zina jiko la gesi na jiko la mkaa pia, na chai huchemshwa kwa gesi wakati maharage yanachemshwa kwa mkaa. Swali la "nishati kuu ya kupikia" haliigusi hali hiyo.

Mfano unaoeleza vizuri uhusiano wa uchumi na mazingira ni Mto Ruaha Mkuu. Mto huu zamani ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi katika sehemu inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Juu yake kuna bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kilipanuka sana. Mpunga uliingia katika Pato la Taifa, ilhali maji yaliyokosekana hayakuandikwa popote. Chini ya hifadhi mto huo hulisha bwawa la Mtera na mitambo ya Kidatu, na katika ukame wa mwaka 2006 nchi ilipata mgawo mkali wa umeme. Mwaka huo wafugaji waliondolewa Usangu na maelfu ya ng'ombe wao, wengi wakihamishiwa Lindi. Watafiti wa maji, kwa upande wao, walielekeza kidole zaidi kwenye mifereji iliyoendelea kuchota maji wakati wa kiangazi. Laiti idadi ya siku ambazo mto hautiririki ingekuwa kiashiria cha taifa tangu mwanzo, mjadala ungeanza miaka kumi kabla.

Idadi ya tembo nayo ni kiashiria kilichozindua watu. Sensa ya wanyama kwa ndege ilihesabu takriban tembo 109,000 mwaka 2009, na takriban 43,000 tu mwaka 2014. Kabla ya hesabu hiyo kutoka, ukubwa wa ujangili ulikuwa jambo la kubishaniwa.

Viashiria vya jamii

Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 (2015/16) hadi 43 (2022). Chanjo, vyandarua na tiba ya malaria vimechangia sana.

Vifo vinavyotokana na uzazi ni vigumu zaidi kupima. Kwa kila vizazi hai 100,000, tafiti za kaya zilitoa vifo 578 (2004/05), 454 (2010), 556 (2015/16) na 104 (2022). Mwanamke katika kaya huulizwa kuhusu dada zake waliofariki na kama walikuwa wajawazito, wanajifungua au wametoka kujifungua. Vifo vinavyopatikana katika sampuli huwa vichache, kwa hiyo namba hupanda na kushuka kwa sababu ya sampuli yenyewe. Ongezeko la mwaka 2015/16, lililotangazwa kama janga, halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Kushuka kumekubaliwa na pande zote, ila kiasi chake hutofautiana kwa njia iliyotumika.

Katika elimu, kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016 kulijaza madarasa. Kiashiria cha uandikishaji kilipanda na kusifiwa. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, ziliwafuata watoto nyumbani na kuwapa wasome. Wengi wa wanafunzi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto mmoja alikuwa mafanikio katika rejesta ya shule na kushindwa katika karatasi ya Uwezo. Malengo ya sasa ya dunia yamerekebisha jambo hilo kwa kudai kipimo cha kujifunza, si kuandikishwa tu.

Kisomo cha watu wazima kina funzo linalofanana. Baada ya kampeni kubwa za miaka ya 1970, takwimu za mwaka 1986 zilionyesha takriban asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, na Tanzania ikasifiwa duniani. Sensa ya 2002 ilipata karibu asilimia 70. Sehemu ya tofauti hiyo ni kuporomoka kwa madarasa ya kisomo na uandikishaji shuleni, na sehemu ni namna ya kupima.

Lishe huonyesha hatari ya kutegemea wastani wa taifa. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 mwaka 2022, lakini Iringa ulifika asilimia 57, Njombe na Rukwa takriban asilimia 50. Hii ni mikoa inayoilisha nchi mahindi. Mavuno mengi ya nafaka hayamaanishi mlo kamili wala mama mwenye muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara.

Sheria na uhuru wa takwimu

Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 iliipa NBS nafasi ya kuwa mratibu wa takwimu rasmi. Marekebisho ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazokusudia kupinga au kupotosha takwimu rasmi, na yalipingwa na watafiti, asasi za kiraia na Benki ya Dunia. Mwaka 2019 Bunge liliyalegeza, na watu na taasisi zikaruhusiwa tena kukusanya na kuchapisha takwimu zao kwa kufuata kanuni za kitaalamu. Tukio hilo lilihusu viashiria moja kwa moja, kwani tathmini kama ya Uwezo haziwezi kuwepo pale ambapo namba ya serikali hairuhusiwi kuulizwa.

Tanzania iliwasilisha taarifa za hiari kuhusu utekelezaji wa malengo hayo katika Umoja wa Mataifa mwaka 2019 na 2023. Rwanda ilifanya hivyo katika miaka hiyohiyo. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Julai 2025, imeweka lengo la uchumi wa dola trilioni moja na kipato cha dola 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na uhifadhi wa mazingira ni moja ya nguzo zake.