Mbio za Nyika na Chama cha Wakimbiaji

Kukimbia ni jambo la kale kwa kila taifa, na hapana watu wanaoweza kudai kuwa wao ndio waliolivumbua. Mwindaji alikimbia, tarishi alikimbia, na kijana wa malishoni alikimbia kila ndama alipopotea. Lakini chama cha wakimbiaji, yaani watu wazima kujiandikisha, kutoa ada, kuchagua katibu na mweka hazina, kisha kukutana kila Jumamosi ili wakimbie matopeni pasipo kumfukuza mnyama wala kumtoroka adui, ni kitu kipya. Umri wake ni miaka mia moja na hamsini na ushei, na asili yake ni Uingereza, katika vitongoji vya London. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi chama hicho kilivyozaliwa, sababu ya kuchagua majira ya baridi, na namna mashindano yake, ambayo Kiswahili kimeyaita mbio za nyika, yalivyotufikia sisi wa Afrika Mashariki. Twayaona haya kuwa sehemu ya historia ya utamaduni wetu, kwa kuwa tumeyapokea mashindano hayo tukawashinda wenyewe waliotupa. Chama chenyewe, hata hivyo, hatukukipokea kwa ukamilifu.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya majira. Msimu wa mbio hizi huanza huko Ulaya majani ya miti yanapopukutika, na huendelea hadi baridi inapokwisha, yaani tangu Oktoba hadi Februari au Machi. Wafasiri wetu hupenda kuandika vuli na kipupwe. Lakini vuli yetu ni majira ya mvua ndogo, na kipupwe chetu huja kati ya Juni na Agosti, wakati Waingereza wako katika joto lao. Msomaji asidhani basi kuwa twasema habari ya upepo mwanana wa pwani. Alasiri ya Disemba mjini London jua huzama karibu na saa kumi, ardhi huwa imelowa maji kama jaruba la mpunga, na mkimbiaji hurejea na tope hadi kiunoni.

Chanzo cha mchezo huu ni wivu wa wavulana. Mabwanyenye wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuwinda mbweha na sungura kwa farasi na makundi ya mbwa, na uwindaji huo ulifanyika katika majira ya baridi, mavuno yakiisha kuondolewa mashambani. Wanafunzi wa shule za bweni, ambao hawakuwa na farasi wala mbwa, waliuiga kwa miguu yao. Wawili walijifanya sungura, wakatangulia wakimwaga vipande vya karatasi njiani. Waliosalia walijifanya mbwa, wakafuata nyayo hizo za karatasi kupita vichaka, mitaro na vijito. Shule ya Shrewsbury ilikuwa na mchezo huo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Shule ya Rugby nayo ilikuwa nao, na Thomas Hughes aliueleza katika riwaya yake ya mwaka 1857, Tom Brown's Schooldays, iliyosomwa mno hata mchezo ukajulikana nchi nzima.

Watu wazima waliuchukua miaka kumi baadaye. Wapiga makasia wa Thames Rowing Club walikuwa na shida: mto ulipokuwa wa baridi kali hawakuweza kufanya mazoezi, na miili ikalegea. Mnamo Disemba 1867 wakaandaa mbio katika pori la Wimbledon, kusini-magharibi mwa London. Waliona raha, na mwaka uliofuata, 1868, wakaunda chama kilichoitwa Thames Hare and Hounds, maana yake Sungura na Mbwa wa mto Thames. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Walter Rye, mwanasheria na mpenzi wa historia ya kale. Makao yao hayakuwa jumba la fahari. Walibadili nguo katika baa moja kijijini Roehampton. Chama hicho kingali hai, na kwa kawaida husemwa kuwa ndicho cha kwanza duniani cha mbio za nyika. Baada yake vikazuka vingine upesi, vingi vikijiita Harriers, jina la mbwa wa kuwindia sungura. Jina limebaki ingawa karatasi zilikwisha kuachwa zamani.

Hapa historia ya mbio inagusa historia ya kazi. Mchezo wa Jumamosi hauwezekani mpaka Jumamosi iwe na nafasi. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ndiyo iliyoamuru kwamba katika viwanda vya nguo kazi ya wanawake na vijana ikome saa nane mchana siku hiyo, na desturi hiyo ikaenea kidogo kidogo kwa wafanyakazi wengine. Nusu siku ile ndiyo iliyozaa timu nyingi za kandanda na vyama vingi vya mbio. Hata hivyo mabwana hawakufurahi kukimbia bega kwa bega na mafundi. Kanuni za Amateur Athletic Club, kilichoanzishwa mwaka 1866, zilimzuia fundi na kibarua asihesabiwe kuwa mwanamichezo wa ridhaa. Kizuizi hicho kilitupwa mwaka 1880, ilipoundwa Amateur Athletic Association. Kabla ya hapo, mwaka 1877, kilikwisha kuanzishwa huko Birmingham, mji wa viwanda, chama cha Birchfield Harriers, ambacho baadaye kilitwaa ubingwa wa nchi mara nyingi kuliko chama cha wale mabwana wa Roehampton. Matope, tukubali, hayamjui bwana wala mtwana.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Uingereza yalifanyika mwaka 1876 katika msitu wa Epping, nayo yaliharibika. Wakimbiaji wote walipotea njia, matokeo yakafutwa, na ikabidi watu wangoje hadi mwaka 1877 ndipo apatikane bingwa halali, P. H. Stenning wa Thames Hare and Hounds, ambaye aliushika ubingwa huo miaka minne mfululizo.

Lakini jambo ambalo mwalimu angependa kulitazama zaidi ni namna ya kuhesabu. Katika mbio za uwanjani mshindi ni mmoja, na waliosalia huenda zao. Katika mbio za nyika kuna ushindi wa pili, ambao ni wa chama. Anayefika wa kwanza hupewa alama moja, wa pili mbili, wa mia moja alama mia. Kila chama hujumlisha nafasi za watu wake sita wa mbele, na chama chenye jumla ndogo ndicho kinachoshinda. Hesabu hii ni nyepesi, mwanafunzi wa darasa la tatu aweza kuifanya, lakini matokeo yake ni makubwa. Mtu wa sita ana uzito uleule wa mtu wa kwanza. Bingwa akishinda kwa dakika nzima hapati alama ya ziada. Bali yule mwenzake wa sita, karani mwenye miaka arobaini, akiwapita watu kumi katika kilima cha mwisho, amekiokolea chama alama kumi. Ndiyo sababu wenye mwendo wa pole hawaoni haya kujiandikisha. Katika ubingwa wa nchi unapofanyika Parliament Hill, kaskazini mwa London, zaidi ya wanaume elfu moja hupanda kilima kwa pamoja katika mbio moja ya kilomita 12, na wengi wao wanajua tangu asubuhi kuwa hawatakuwa hata katika mia tatu za mwanzo.

Na baada ya mbio kuna chai. Zamani palikuwa na mabeseni ya maji ya moto, watu wakioga kwa zamu hadi maji yageuke uji wa udongo. Wazee wasioweza tena kukimbia husimama mwishoni mwa kichochoro cha kamba wakiandika namba za wanaofika. Kwa maoni yetu, wazee hao na birika lile la chai ndio moyo wa chama, kwa sababu bingwa huhama au huzeeka, ila orodha ya namba huandikwa kila Jumamosi.

Jinsi mbio hizi zilivyofungamana na majira yake ilionekana vizuri zilipotolewa humo. Ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912, kisha 1920 na 1924. Mwaka huo wa 1924, mjini Paris, zilikimbiwa mwezi Julai katika joto kali. Walianza watu 38, wakamaliza 15 tu. Wengine walianguka njiani, na mshindi, Paavo Nurmi wa Finland, akawa kama mtu aliyekimbia mbio nyingine peke yake. Tangu hapo hazikurudishwa. Ndugu yake mmoja tu alibaki katika Olimpiki, nazo ni mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo viunzi vyake ni ua wa mashamba ya Kiingereza, na dimbwi lake ni kijito cha zamani. Katika mbio hizo Chris Brasher, mtu wa vyama vya nyika vya London, alipata dhahabu mwaka 1956. Na katika mbio hizo hizo Filbert Bayi wa Tanzania alipata fedha mjini Moscow mwaka 1980.

Kwetu sisi mbio za nyika zilikuja kwa njia ya shule na majeshi ya kikoloni, wala hazikuja na chama cha Jumamosi. Mwalimu alizifundisha kwa kuwa hazihitaji uwanja, na afisa alizifundisha kwa kuwa askari lazima awe na pumzi. Uhuru ulipokuja, jeshi, polisi na magereza ndivyo vilivyobaki walezi wa wakimbiaji, na vililea vizuri. Shirikisho la riadha la dunia lilianzisha ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 1973 huko Waregem, Ubelgiji. Kuanzia 1986 hadi 2003 timu ya wanaume ya Kenya haikushindwa hata mara moja. Mwaka 1988, huko Auckland, John Ngugi alitangulia, na watu sita wa Kenya wakahesabiwa alama 23. Mwanafunzi na ajumlishe moja hadi sita aone: alama ndogo kabisa iwezekanayo ni 21. Mwaka 2002, mjini Dublin, John Yuda wa Tanzania alishika nafasi ya pili nyuma ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, ni mwanajeshi pia.

Hatusemi haya kwa kulibeza jeshi. Tunauliza habari ya yule mtu wa sita. Mwalimu wa Karatu aliyekimbia vema akiwa shuleni, asiyepata nafasi jeshini na asiye na mwendo wa kumpeleka Ulaya, hukimbilia wapi akifika miaka ishirini na mitano? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba haachiwi mahali. Siku hizi vimezuka vikundi vya mbio za pole, hasa Dar es Salaam, ambavyo Jumapili alfajiri hujaza barabara kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Vina viongozi, vina michango, vinazikana na kuchangiana harusi. Vilizuka bila kuiga Roehampton, navyo viko karibu na kile chama cha mwaka 1868 kuliko timu yoyote ya taifa. Kinachokosekana ni ile hesabu: vikundi hivi hukimbia pamoja, lakini ni nadra kushindana kwa jumla ya watu sita.

Ubingwa wa dunia wenyewe ulifika pwani yetu mnamo Machi 2007, ukafanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio ukingoni mwa bahari. Mchezo uliozaliwa na baridi ukakimbiwa katika joto na unyevu wa Kisiwa cha Mvita. Bekele, bingwa aliyekuwa hajashindwa kwa miaka, aliacha njia katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mbio za wanawake alizishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Uholanzi. Watu wa Mombasa walijaa kando ya kamba tangu mapema, na wengi wao walibaki wakipiga makofi hata baada ya mabingwa kupita, mpaka wa mwisho alipofika.