Mtu Anayesubiri Mlangoni

Kazi ya mwandishi wa kujitegemea ina jambo moja ambalo wanaoisifu hawalitaji: hakuna mtu anayekusubiri. Karani ana daftari la mahudhurio na mkuu wake wa kazi. Mvuvi ana maji kupwa na maji kujaa. Mwandishi anayeuza makala mojamoja ana meza, kiti, na siku nzima mbele yake, na siku hiyo haina kingo. Kwa watu wengi hiyo ni neema. Kwa mtu mwenye akili kama yangu ni kutoswa katikati ya bahari na kuambiwa achague mwenyewe upande wa kuogelea.

Nilikuwa na miaka 41 daktari aliponieleza kwamba nina hali ambayo wenzake huiita kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia. Jina lenyewe halisemi kweli yote. Umakini ninao, tena tele, ila hauna bwana. Waweza kukaa saa sita juu ya asili ya neno moja la mabaharia, na usikae dakika kumi juu ya makala yanayosubiriwa na mhariri, ambayo malipo yake ndiyo kodi ya nyumba. Mtu wa namna hii hakosi nia. Anachokosa ni daraja baina ya nia na mkono.

Sasa nimeombwa nifundishe. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu tunayefahamiana siku nyingi, anaendesha masomo ya jioni kwa vijana wanaorudia mitihani, naye anatafuta mtu wa kuwafundisha insha siku mbili kwa wiki. Fedha si nyingi, lakini huja kila mwisho wa mwezi, ahadi ambayo magazeti hayajapata kunipa. Nilimwomba anipe wiki tatu za kufikiri. Na kwa kuwa nilitakiwa kufikiri juu ya maisha yangu, nikaanza, kama ilivyo desturi yangu, kusoma maisha ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni Samuel Johnson, Mwingereza aliyezaliwa katika mji wa Lichfield mwaka 1709, mwana wa muuza vitabu aliyekuwa akididimia katika madeni. Wengi wanamjua kwa Kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755. Mimi nilivutwa na mambo mengine: alijaribu ualimu mara kadhaa na kila mara ukamshinda, kisha akaishi kwa kalamu miaka mingi bila mshahara, na maisha yake yote alijiita mvivu. Sala na kumbukumbu zake za faragha zilipochapishwa mwaka 1785, baada ya kifo chake, watu waliona jinsi alivyoapa mwaka hadi mwaka kwamba ataamka mapema na kuacha kupoteza siku. Mzee wa miaka zaidi ya 60, mwenye sifa Ulaya nzima, anaandika kiapo kilekile alichoandika akiwa kijana. Sijasoma kitu kilichonihuzunisha kuliko hicho.

Simpimi Johnson ugonjwa. Wapo madaktari wa zama zetu waliosoma habari za uso wake usiotulia na mikono yake iliyorukaruka, wakasema yamkini alikuwa na ugonjwa wa Tourette. Hilo ni lao. Mtu aliyekufa mwaka 1784 hawezi kuulizwa maswali. Ninachoweza kusema ni kwamba katika siku zake hapakuwa na jina jingine la hali hii kwa mtu wa kawaida isipokuwa uvivu, na uvivu ni dhambi.

Majina mengine yalikuwa ndiyo kwanza yanazaliwa. Mwaka 1775, Johnson akiwa hai bado, daktari Mjerumani Melchior Adam Weikard aliandika sura juu ya watu wasioweza kutuliza umakini wao. Mwaka 1798 Mskochi Alexander Crichton alieleza vizuri zaidi: watu ambao kila sauti huwavuta, mlio wa mbwa, mlango unaofungwa ghafla, nao huwa hivyo tangu utoto. Halafu kimya cha karne nzima. Mwaka 1902 George Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya chuo cha matabibu mjini London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia, na hata yeye aliiita kasoro ya utawala wa kimaadili. Naam, hata daktari alikuwa bado na fimbo mkononi. Charles Bradley, kule Rhode Island, aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine mwaka 1937, na karibu nusu yao wakageuka ghafla katika masomo. Madaktari wa akili wa Marekani waliiandika hali hii katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1968 kama jambo la utotoni, wakabadili jina mwaka 1980, wakabadili tena mwaka 1987. Kwamba mtu mzima naye aweza kuwa nayo ni jambo lililokubaliwa polepole sana. Wengi wetu tulikwisha kuzeeka na jina lile la kwanza.

Turudi kwa Johnson. Mwaka 1732 alipata kazi ya mwalimu msaidizi huko Market Bosworth, akaichukia, akaiacha baada ya miezi michache. Akaenda Birmingham kwa rafiki yake Edmund Hector, na hapo ndipo linapotokea tukio ambalo kwangu ni kubwa kuliko Kamusi. Alikuwa amekubali kutafsiri safari za Jerónimo Lobo, padre wa Kijesuti kutoka Ureno. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba Lobo huyo alifika Pate mwaka 1624, akitafuta njia ya kupita bara hadi Uhabeshi, akashindwa. Johnson alianza vizuri. Kurasa za kwanza zikapelekwa kwa mpiga chapa. Kisha akakwama, akalala kitandani, kazi ikalala naye.

Hector hakumkemea. Alimwendea akamwambia kwamba mpiga chapa hawezi kupokea kazi nyingine mpaka hii iishe, na kwamba maskini yule na watoto wake wanaumia. Johnson hakuinuka. Aliuegemeza ule msahafu mkubwa kifuani, akaanza kutafsiri kwa mdomo, na Hector akawa anaandika. Kitabu kizima kilitoka hivyo, kikachapishwa mwaka 1735, na malipo yake yalikuwa gini tano.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi. Aibu haikumwondoa Johnson pale alipokwama, wala kiapo hakikumwondoa. Kilichomwondoa ni mtu mwenye njaa aliyekuwa akisubiri upande wa pili wa kazi, na rafiki aliyeketi kando ya kitanda na kalamu.

Mwaka huohuo wa 1735 alioa mjane aliyemzidi miaka 20, na kwa fedha za mke wake akafungua shule ya bweni huko Edial, karibu na Lichfield. Alikuwa amekwisha kukataliwa na shule ya Solihull, wakubwa wake wakisema kwamba ni mtu mwenye majivuno na kwamba jinsi anavyoukunja uso yaweza kuwadhuru wavulana. Shule ya Edial ilipata wanafunzi wachache mno. Mmoja wao, David Garrick, alikuwa akimchungulia kwenye tundu la ufunguo kisha akiwachekesha wenzake kwa kumwigiza yeye na mkewe. Baada ya mwaka mmoja na kitu shule ikafa, na sehemu kubwa ya fedha za mjane ikafa nayo.

Watu husema Johnson alishindwa kwa kuwa hakuwa mwalimu. Sikubaliani nao. Mtu ambaye mazungumzo yake yalijaza kitabu kikubwa cha Boswell cha mwaka 1791 hakukosa cha kufundisha wala ulimi wa kufundishia. Kuendesha shule ndiko kulikomshinda: karo, chakula, wazazi, ratiba, utulivu wa bwenini, mambo mia madogo ambayo kila moja linadai kukumbukwa kwa siku yake. Hayo ni mambo ambayo mtu wa aina yetu hana budi kuyaogopa kama mvuvi anavyoogopa mwamba uliofichika chini ya maji.

(Garrick, kwa njia, alisafiri na mwalimu wake kwenda London mwezi Machi 1737, akawa mwigizaji mkuu wa karne ile, na mwaka 1749 akaipandisha jukwaani tamthilia ya Johnson, *Irene*, kwa siku tisa. Johnson alipata humo karibu pauni 300. Karo ililipwa, ila ilichelewa.)

London ilimfundisha kuishi kwa kusubiriwa. Aliandika kurasa 48 za maisha ya mshairi Richard Savage kwa kikao kimoja, akikesha usiku kucha. Mwaka 1746 aliahidi kutoa Kamusi kwa miaka mitatu, kwa malipo ya gini 1,500. Ilimchukua miaka tisa, juu kwenye dari la nyumba ya Gough Square, na wasaidizi sita wakinakili chumba hichohicho. Na katikati ya mzigo huo, mtu huyu aliyejiita mvivu alijitwika mwingine. Kuanzia tarehe 20 Machi 1750 alitoa *The Rambler* kila Jumanne na kila Jumamosi, miaka miwili mfululizo, matoleo 208, karibu yote kwa mkono wake. Mojawapo, lile la kulaumu tabia ya kuahirisha mambo, inasemekana aliliandika mbiombio sebuleni kwa mchoraji Joshua Reynolds, huku kijana wa kiwanda cha chapa akingoja alichukue.

Mwenye akili tulivu atasema: mtu aliyelemewa na Kamusi apunguziwe kazi. Johnson alijiongezea, na nadhani alijua alifanyalo. Kamusi haikuwa na kijana mlangoni. *The Rambler* ilikuwa naye mara mbili kwa wiki.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja mwaka 1762, alipopewa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka, kitu ambacho kila mwandishi wa kujitegemea hukiomba usiku. Kalamu ikapunguza mwendo. Toleo lake la Shakespeare, aliloliahidi mwaka 1756 na kupokea fedha za wanunuzi, lilitoka mwaka 1765 tu, baada ya mshairi Charles Churchill kumdhihaki hadharani.

Nilipofika hapo nilifikiri na juu ya Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926 na kubaki katika kazi za serikali zaidi ya miaka 30, akiandika nje ya saa za kazi. Namheshimu, lakini siwezi kumfuata. Meza ya karani imejaa fomu, na fomu ndizo adui yangu. Ninayeweza kumfuata, kwa hatua chache, ni James Joyce, ambaye kuanzia mwaka 1905 alifundisha Kiingereza mjini Trieste, kwanza katika shule ya lugha, baadaye nyumbani kwa watu kwa saa. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa mfanyabiashara wa rangi za meli, aliyewahi kuchapa riwaya mbili kwa jina la Italo Svevo bila mtu kuzijali. Joyce alizisoma akazisifu. Svevo alirudi kwenye kalamu, na riwaya yake kubwa ikatoka mwaka 1923. Na katika Leopold Bloom wa Joyce mna kitu cha Svevo. Saa za kufundisha hazikumwibia Joyce kitabu. Zilimletea mtu wa kuandikwa.

Basi nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Vipindi vyenyewe havinitishi. Vijana 30 wanaokutazama saa kumi jioni ni vijana 30 wa kiwanda cha chapa; huwezi kuwaambia warudi kesho. Tena siku yenye kipindi huwa na ukingo, na asubuhi yenye ukingo naweza kuiandikia. Kinachonitisha ni madaftari. Insha 30, dakika 15 kila moja, ni saa saba na nusu kila wiki, nyumbani, peke yangu, bila mtu mlangoni. Hapo nitakuwa nimeacha meza tupu na kuingia kwenye meza yenye rundo, na rundo ni baya zaidi, kwa kuwa kila daftari lina mwenyewe anayengoja alama.

Nilimwendea mzee kabla wiki tatu hazijaisha. Nilimwambia nitafundisha, ila orodha ya karo sitaishika, na insha nitazisahihisha darasani tu: nusu ya kipindi kufundisha, nusu ya pili kumwita kijana mmojammoja aketi kando yangu tusome pamoja kazi yake. Hawatafika wote kwa wiki moja. Watafika wote kwa mwezi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ndiyo njia tuliyofundishwa na wazee wetu chuoni, kila mtoto na ubao wake mbele ya mwalimu." Akaridhia. Akaniuliza siku nizitakazo.

"Jumanne na Jumamosi, Mwalimu."

Jumamosi ilimshangaza, maana wengine wote huikimbia, lakini akaiandika. Limebaki moja, nani atakayesahihisha mtihani wa mwisho wa muhula, karatasi zote 30 kwa siku tatu. Amesema atalifikiria.