Waya Uliofichwa Ukutani: Historia ya Ukaguzi wa Umeme katika Nyumba za Uingereza

Desemba 1881, Richard D'Oyly Carte alipanda jukwaani katika ukumbi wake wa Savoy, London, akiwa na taa ya umeme inayowaka. Aliifunga kwa kitambaa cha melimeli, akaivunja mbele ya watazamaji, kisha akakiinua kitambaa wakione: hakikuungua. Kumbi za maonyesho wakati huo zilimulikwa kwa gesi, na gesi ilikwisha kuteketeza kumbi nyingi, kwa hiyo watu walikuwa na sababu nzuri ya kushangilia. Lakini Carte aliwaonyesha taa tu. Hatari kubwa ya umeme ilikuwa kwenye waya, na waya haukuonekana.

Umeme unapopita kwenye waya huupasha joto. Waya ukiwa mwembamba kuliko mzigo unaobebeshwa, joto hilo huzidi kiasi. Na nyaya za miaka hiyo zilivishwa pamba au mpira, zikapitishwa ndani ya vifereji vya mbao, karibu kabisa na vitu vinavyoshika moto. Ndiyo maana kampuni za bima zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kushtuka, kwa kuwa jengo likiungua, wanaolipa ni wao. Mwaka 1882 Musgrave Heaphy, mhandisi wa kampuni ya bima ya Phoenix, alitunga kanuni za kufunga nyaya, na mwaka huohuo chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kikatoa zake. Zilikuwa kurasa chache, zilizungumzia moto zaidi ya yote, na hazikuwa na nguvu ya sheria. Zililinda jengo kwanza. Mtu aliyelala ndani alinufaika kwa sababu tu alikuwamo.

Kwa miongo kadhaa umeme ulibaki anasa ya wachache. Sheria ya mwaka 1926 ndiyo iliyoanzisha ujenzi wa gridi ya taifa, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 umeme ulikuwa ukiingia katika nyumba za watu wa kawaida. Hapo hatari ilibadilika sura. Umeme haukuning'inia tena darini tu; ulishikwa mkononi, kwenye pasi, kwenye birika, kwenye hita iliyowekwa sakafuni. Kunaswa na umeme kukawa tishio la kila siku sawa na moto.

Jibu la Waingereza lilitoka kwenye kamati ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambayo Caroline Haslett, kiongozi wa chama cha wanawake wa umeme, alikuwa mjumbe wake. Matunda yake ni plagi ya mwaka 1947, ileile iliyomo katika nyumba zetu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Iangalie kwa karibu. Jino la juu ni refu kuliko mawili ya chini, kwa hiyo linatangulia kuingia. Linaunganisha kwanza athi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, kisha linafungua vizibo vinavyoficha matundu yenye umeme. Anayesukuma kalamu kwenye tundu la juu ili apenyeze plagi ya meno mawili anafungua kwa nguvu mlango uliofungwa kwa ajili ya vidole vya watoto.

Wapo wanaosema mfumo wa plagi hiyo na nyaya zake ulitokana na uhaba wa shaba, kwani nyaya zilizozungushwa nyumbani kama pete ziliokoa madini hayo. Ni kweli kwa sehemu. Hata fyuzi iliyo ndani ya plagi ilihitajika kwa sababu pete hiyo hubeba ampea 30, mzigo ambao kamba nyembamba ya taa ya mezani haiwezi kuuhimili. Lakini vizibo haviokoi shaba yoyote. Viliwekwa kwa ajili ya watu, na naamini tusiwanyime waliovibuni heshima hiyo.

Hata hivyo, pengo moja lilibaki. Kanuni ziliangalia kazi mpya, wakati waya unazeeka. Fundi akifungua swichi ya nyumba ya miaka ya 1930, mpira uliovisha nyaya unaweza kumegeka vidoleni kama mkate mkavu, na shaba ikabaki uchi. Hata sharti la Januari 2005, lililoingiza umeme wa majumbani katika kanuni za ujenzi, lilihusu kazi itakayofanywa, si waya wa zamani.

Kwa nini basi sheria ya kukagua nyaya zilizopo iliwafikia wapangaji wa England mwaka 2020? Wengi hutaja moto wa jengo la Grenfell, Juni 2017, ulioua watu 72 baada ya kuanzia kwenye friji. Huenda uliongeza msukumo, lakini hautoshi kuwa sababu. Grenfell lilikuwa jengo la halmashauri, ilhali kanuni za 2020 zilihusu wenye nyumba binafsi. Tena ukaguzi wake ni wa nyaya na vifaa vilivyofungwa, si friji ya mpangaji. Zaidi ya hayo, Scotland ilianza kudai ukaguzi kama huo Desemba 2015, na Bunge liliipa serikali uwezo wa kuweka kanuni kwa England mwaka 2016. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba waliopanga kwa watu binafsi walikuwa wameongezeka, kutoka takriban kaya moja kati ya kumi hadi moja kati ya tano, na miongoni mwao zilikuwamo familia nyingi zenye watoto.

Ukaguzi wenyewe hufanyika angalau kila baada ya miaka mitano. Mkaguzi hukata umeme, hupitisha volti 500 za kipimo kwenye nyaya kuona kama umeme unavuja, hufuatilia athi hadi mwisho wake, kisha huwasha na kupima muda ambao kikata-umeme kinachukua kuitikia hitilafu. Kasoro za hatari lazima zirekebishwe ndani ya siku 28 au mapema zaidi, na mpangaji mpya hupewa nakala ya ripoti kabla hajaingia. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe halazimishwi na kanuni hizo. Hushauriwa tu nyaya zake zikaguliwe kila baada ya miaka 10.