Waya, Kiendeshi na Chupa Inayorudi Rubona

Kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, Rwanda, barabara ikiambaa na ufuko wa Ziwa Kivu hadi Rubona, kipo kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kampuni ilianzishwa mwaka 1957, na bia ya Primus ya kwanza ikapikwa mwaka 1959. Kuanzia mwaka 1963 gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa, papo hapo Rubona, ikawa inapasha moto mitambo yake. Wengi husimulia habari za gesi hiyo. Mimi leo naifuata chupa.

Chupa ya bia ni msafiri wa kwenda na kurudi. Hutoka ndani ya kireti, hunywewa, hurejea na mchanga, kizibo, pengine mdomo uliomeguka. Kabla haijajazwa tena sharti ikaguliwe. Zamani, katika viwanda vya bia duniani, hiyo ilikuwa kazi ya mtu: anaketi mbele ya kioo chenye taa, chupa zinapita, macho yanachoka. Mtambo wa chupa 36,000 kwa saa hupitisha chupa 10 kila sekunde, na hakuna jicho la kuhimili hilo zamu nzima. Ndipo kamera ilipoajiriwa.

Mwaka uleule wa 1957, huko Marekani, ilitolewa kanuni ya RS-170 ya picha za televisheni zisizo na rangi. Kamera za mwanzo za viwandani ziliirithi. Uzuri wake, kamera ya kampuni hii ilikubali kadi ya kunasa picha ya kampuni ile. Ubaya wake, picha ilichorwa kwa awamu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa, na kati yake inapita 1/60 ya sekunde. Chupa iendayo sentimita 60 kwa sekunde huwa imeshasogea sentimita 1, ukingo wake ukatoka na meno kama kitana.

Dawa ikawa dijitali. Sensa ya CCD ilikuwa imebuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell. Lakini dawa ilikuja na ugonjwa wake: kila mtengenezaji na plagi yake, waya wake, kiendeshi chake.

Neno hili nalo lina kisa. Mafundi wengi husema draiva. Wapenda Kiswahili sanifu husema kiendeshi. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa na kuvitafsiria. Ukiulizia draiva sokoni Gisenyi utaonyeshwa shoferi wa lori la kuvuka mpaka kwenda Goma, na mfano si mbaya, ila shoferi wa kamera alijua gari moja tu. Kamera ikifa na kampuni yake imeshafungwa, ulibadilisha kamera, waya na kadi, na mara nyingi ukaandika upya programu ya ukaguzi.

FireWire ya mwaka 1995 ilileta kanuni za pamoja, lakini waya wake ulikomea mita 4.5. Camera Link, Oktoba 2000, ikasawazisha plagi ya pini 26. Lugha ya kuzungumza na kamera ikaiacha, hivyo kila kamera bado ilidai faili lake la mipangilio. Kwangu hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

Mwaka 2006 ndio uliogeuza mambo. GigE Vision ilichukua waya wa kawaida wa mtandao, unaofika mita 100, na GenICam ikatoa lugha. Kamera sasa hubeba ndani yake faili la kujitambulisha: uwezo wake ni huu, mipangilio yake ni hii, na muda wa kupokea mwanga una jina moja kwa watengenezaji wote. Kompyuta hulisoma ikaanza kuzungumza na kamera ambayo haijapata kuiona. Viendeshi havikufa. Vipo vinavyodaka pakiti za picha mara tu zinapoingia kwenye kadi ya mtandao, ili kichakataji kisielemewe.

USB3 Vision ilipokuja mwaka 2013, waya ulifupika tena ukawa wa mita chache, lakini lugha ilibaki ileile ya GenICam. Kutoka RS-170 hadi mwaka 2006, kamera yoyote ilipoweza kuingia mashine yoyote kwa mara ya pili, ilikuwa imepita miaka 49. Basi fundi unayenunua kamera ya kiwanda, kabla hujauliza pikseli, uliza kama inazungumza GenICam.